Sweta la Zamu ya Usiku

Nyumbani, 4 Machi

Mke wangu,

Barua iliyopita uliniuliza habari za nyumbani, nikakujibu kuwa ni nzuri. Nilikudanganya. Sikutaka usome mambo ya mbwa ukiwa kazini halafu umpe mgonjwa sindano ya mwenzake.

Diwani amebadilika tangu ulipopanda lile gari la dawa kwenda hospitali yenu ya mlimani. Nikigusa tu funguo za dukani anaanza kuhema. Nikifunga mlango analia. Sisemi kubweka, nasema kulia, na jirani wa juu anasema hanyamazi mpaka nirudi jioni. Mlango wa mbele ameukwangua mpaka rangi yote imeisha na sasa anakula mbao. Mimi fundi wa kufuli, nafungulia watu milango mji mzima, na mlango wangu unaliwa na mbwa. Dukani wananicheka mpaka wanakaa chini.

Juzi mwenye nyumba alikuja kuangalia bomba nami sipo. Si unajua ana ufunguo wake. Alipofungua tu, Diwani akamrukia kutaka kutoka, na kipande cha sketi ya mama wa watu kikabaki mdomoni. Hakumjeruhi, lakini hasira aliyoshuka nayo ngazi siwezi kukuandikia. Amenipa mpaka mwisho wa Julai. Mbwa anyamaze au aondoke, la sivyo tuondoke sote pamoja na vitanda vyetu.

Dada akanishauri nimchape. Nilimchapa mara moja, kwa kandambili. Alijikojolea palepale huku akinitazama, na sitarudia. Jirani akasema kuna mikanda ya shingoni inayompiga mbwa shoti kila akilia. Nikaenda kwa daktari wa mifugo kuuliza inauzwa wapi, akanitazama kama nimemuulizia bangi. "Huyu hana kiburi," akaniambia, "ana hofu ya kuachwa. Wewe ukiwa na hofu halafu nikupige shoti, itakutoka?" Akampima mwili mzima, hana ugonjwa, akanielekeza kwa mtaalamu wa tabia za mbwa. Kumbe watu wanasomea. Hatumii fimbo, hatumii kamba ya kukaba, hata sauti hapandishi. Jumamosi alikuja, akaketi sakafuni, wala hakumwangalia Diwani. Baada ya muda Diwani mwenyewe akamfuata, akalala mguuni pake.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Yuko kwenye mikono mizuri.

Mumeo,
Fundi


Hospitali, 15 Machi

Fundi wangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikalia kwa ajili ya Diwani. Nikaisoma mara ya pili, nikafuta machozi, nikaketi vizuri.

Umenieleza mbao ya mlango. Umenieleza sketi ya mwenye nyumba na jicho la daktari. Lakini huyu aliyeketi sakafuni kwangu umemwita mtaalamu, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Lugha yetu hii inawahurumia sana wanaume. "Alikuja, akaketi," basi, awe na ndevu au awe na hereni hakuna atakayejua. Sasa nijibu swali kwa swali. Ni mwanamke au mwanamume? Ana umri gani? Alivaa nini? Na Diwani alilala mguu upi?

Usicheke. Diwani hajawahi kulala mguuni kwa mtu isipokuwa mimi. Nilimwokota kwenye boksi la viatu nje ya zahanati, macho bado hajafungua, nikamlisha maziwa kwa bomba la sindano huku wewe ukisema hatafika asubuhi. Wewe mwenyewe alikukubali baada ya mwaka, tena kwa sababu ya mifupa. Leo mtu amekuja Jumamosi moja tu, hata hajamtazama, na tayari kalala mguuni pake! Nimeumia, nakwambia wazi. Kama analia kwa ajili yangu basi alie hivyohivyo nijue, kuliko kunyamazishwa na miguu ya watu.

Ningekupigia, lakini simu huku inashika juu ya tenki la maji tu, na Metroni amepiga marufuku manesi kupanda tenki. Mkataba wangu unakwisha mwakani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua, lakini macho ninayo hata huku.

Mkeo


Nyumbani, 27 Machi

Mke wangu,

Ni mwanamke. Umri kama wako. Alivaa suruali, kwa sababu mbwa ana makucha. Mguu wa kushoto.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana ni ya ajabu. Nashika funguo, naziweka mezani, nakaa. Nashika tena, naweka, nakaa. Siku ya kwanza tulifanya hivyo tu mpaka Diwani akachoka kushtuka, akapiga miayo. Yule mtaalamu, siku hizi namwita Mwalimu, akafurahi sana kwa ule mwayo. Anasema mbwa akiona funguo akapiga miayo akajilaza, hapo ndipo shule imeanza. Kisha natoka nje, narudi kabla hajalia. Natoka tena, nakawia kidogo, narudi. Simuagi kwa mbwembwe wala sirudi kwa shangwe. Nikitoka namwachia mpira wenye tundu, ndani yake kuna vipande vya maini, ili kutoka kwangu kuwe na utamu wake. Mwalimu anasema Diwani anapaswa kujua kuwa anayetoka hurudi, na hilo haambiwi kwa mdomo, anaonyeshwa tu, tena na tena. Wakati huu wote asiachwe peke yake kuliko anavyoweza, kwa hiyo naenda naye dukani, analala chini ya mashine ya kuchongea funguo. Wateja wamemzoea.

Mwalimu anasema tukienda hivi, mwisho wa Julai hautatukuta vibaya. Mwalimu anasema pia kosa la kwanza lilikuwa kuondoka kwako ghafla bila kumzoesha, lakini hakulaumu.

Ameomba kitu kimoja. Anataka nguo yako uliyoivaa, ya kulalia au sweta, iwekwe kwenye kitanda cha Diwani. Amesisitiza isifuliwe. Itume na gari la dawa.

Mumeo,
Fundi


Mtaa wa juu, 2 Aprili

Wifi yangu,

Umeniomba nipite pale kwa mdogo wangu nitazame kulikoni, nami nimepita. Usije ukasema wifi ndiye aliyevunja nyumba. Mimi nimetumwa macho, naleta macho.

Nilifika Jumamosi alasiri, mlango umefungwa, nikageuka kurudi. Ng'ambo ya barabara nikaona gari dogo jeupe. Ndani ya gari, wifi, ndugu yangu, na mwanamke pembeni yake. Wameinamia simu moja, vichwa vimekaribiana hivi, kama watu wanaotazama mpira wa fainali. Nikasogea. Wakaangua kicheko! Mwanamke akampiga begani. Na ndugu yangu, ambaye kwenye harusi yenu ilibidi asukumwe acheze, alikuwa anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana.

Nikagonga kioo. Akashtuka, akasema, "Dada, nyamaza, tunamwangalia Diwani." Eti simu nyingine ameiacha ndani dirishani inampiga picha mbwa, wao wanamwona humo garini. Nikachungulia, kweli mbwa yupo amelala na mpira wake. Lakini wifi, mbwa aliyelala anachekesha nini?

Mwanamke ni mstaarabu, sikatai. Amenisalimia vizuri, ameniita dada. Ana vishimo mashavuni. Kati ya viti vya gari kulikuwa na bakuli la maini na wote wawili vidole vinanuka maini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilisema achapwe tu yule mbwa, yote haya yasingekuwapo.

Wifi yako


Hospitali, 14 Aprili

Wifi,

Asante kwa macho. Vishimo mashavuni ungeviacha hukohuko ulikoviona.

Siku mbili hizi nimekunja mashuka ya wodi nzima kwa hasira, Metroni ananisifu kwa bidii. Mimi naosha vidonda vya watu huku mlimani ili tujenge, na mtu ameketi kwenye gari na mume wangu wakichekea mbwa wangu. Vyote viwili amechukua kwa safari moja. Kama ni mwizi, basi anajua kufungasha.

Na bado hujasikia kubwa. Nduguyo ameniandikia kwamba huyo Mwalimu anataka nguo yangu. Niliyoivaa. ISIFULIWE. Wifi, wewe ni mtu mzima, tangu lini nguo yenye jasho la mwanamke ikaombwa na mwanamke mwenzake kwa nia njema? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea hata herufi. Nimesomea unesi, siamini mambo hayo mchana. Usiku naamini.

Usimwambie nduguyo neno. Nguo ataipata.

Wifi yako wa mlimani


Hospitali, 14 Aprili

Fundi wangu,

Ahsante kwa maelezo marefu ya funguo na miayo. Kumbe unaweza kuandika kurasa mbili! Mimi kwa miaka yote uliniandikia mistari mitano, mmoja ukiwa tarehe.

Nakutumia sweta la zamu ya usiku. Huku ni baridi, nalivaa kila siku. Ukiliona kubwa usishangae, nimekonda, na ndivyo mtu anavyokuwa akiwaza nyumbani kwake. Mpe Mwalimu mkononi kabisa, alishike vizuri, alinuse kama anapenda. Mwambie ni zawadi yangu.

Diwani mpe salamu kwenye sikio la kulia, ndilo linalosikia jina langu.

Mkeo


Nyumbani, 28 Aprili

Mke wangu,

Sweta limefika.

Mwalimu alinionya nisiliguse sana, nikalishika kwa ncha nikaliweka kwenye kitanda cha Diwani. Nilikuwa nimejiandaa, nakwambia ukweli, nilikuwa na simu mkononi nimpige picha akikunusa nikutumie. Diwani akakaribia akitikisa mkia. Akanusa. Mkia ukasimama. Akanusa tena, akarudi nyuma, manyoya ya mgongoni yakamsimama, akanguruma. Kitanda chake alichokizoea hakukipanda tena siku ile.

Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Una hakika ni la mkeo?" Nikasema ameandika mwenyewe kwa mkono wake kuwa analivaa kila usiku. Akalitazama tena mabegani. Nikaingiza mkono mfukoni mwa sweta, nikatoa kikopo cha ugoro.

Wewe hunusi ugoro. Sweta lina mabega ya mwanamume, harufu ya mwanamume, na unalivaa kila usiku. Umeniuliza habari za suruali ya mtu, umenitumia dada yangu kunipeleleza garini, kumbe mwenye hofu ya kuibiwa ni mwizi mwenyewe. Nimemwambia Mwalimu asije tena. Sina sababu ya kumtunzia mbwa mwanamke anayejifunika sweta la mwenzangu.

Usiniandikie mpaka uwe na jina la mwenye sweta.

Fundi


Hospitali, 30 Aprili

Fundi wangu,

Gari la dawa limeharibika njiani, kwa hiyo sijapata barua yako, lakini nimeshindwa kusubiri. Vipi, Mwalimu amelipenda sweta? Amelishika? Anajisikiaje? Hajaugua hata mafua kidogo?

Nauliza tu.

Mkeo anayekupenda hata ukiwa garini


Hospitali, 9 Mei

Mume wangu,

Jina la mwenye sweta silijui. Sikiliza mpaka mwisho ndipo uichane karatasi hii.

Kwenye stoo ya wodi ya wanaume kuna kapu la nguo zilizosahauliwa na wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani. Sweta nilitoa humo. Mwenyewe ni mzee fulani aliyelazwa kwa nyonga, mwenye wajukuu hawahesabiki. Nilichukua la mzee kwa makusudi, nikajiambia kama ni uchawi basi umpate mtu aliyekwishaishi vya kutosha, au ukimkosa umrudie aliyeuomba. Ndiyo, uchawi. Mwanamke asiyenijua anataka jasho langu, ulitaka niwaze nini? Sikupekua mfuko. Mwizi wa kweli angepekua.

Unanijua. Unajua nikiwa na mwanamume mwingine nitakuwa mpole, nitakuandikia barua tamu tamu, sitauliza habari za mguu wa kushoto. Wivu wote huu unadhani unatoka wapi? Nikikaa hapa dirishani nakuona unafunga duka, unapita kununua mkate, unafungua mlango wetu, na kila nikikuona kuna mtu pembeni yako mwenye nafasi yangu. Awali alikuwa hana uso. Sasa ana vishimo.

Naweka humu gauni langu la kulalia. Nimelilalia wiki nzima, halijaona maji. Mpe Diwani. Mrudishe Mwalimu. Hata kama mtacheka garini, mrudishe. Mwisho wa Julai si mbali, na yule mbwa hana kosa lolote katika haya.

Mkeo


Nyumbani, 20 Mei

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, nikacheka, kisha nikafunga duka mapema nikaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yangu. Wewe uliogopa uchawi, mimi nikaamini ugoro. Hatuzidiani akili.

Lakini umechelewa, na mimi nilikwishaharibu.

Baada ya lile sweta nilimkasirikia kila kilichokuwa chako, hata yeye. Sikumpeleka dukani. Nilifunga mlango nikaondoka asubuhi, nikarudi jioni, na kesho yake hivyohivyo, nikimsikia analia mpaka kona ya barabara nami nakaza mwendo. Yote aliyojifunza kwa miayo na maini yaliyeyuka. Siku ya tatu alipita kwenye kioo cha dirisha la sebuleni. Watu wakanifuata dukani mbio. Nilimkuta amelala kwenye ngazi za mwenye nyumba, mguu wa mbele umepasuka, damu imefuata ukuta mzima, na mama yule amesimama juu yake na ufagio, mwenyewe analia. Alisema, "Fundi, simchukii, lakini leo aondoke. Angeweza kuangukia mtoto wa mtu."

Daktari wa mifugo alimshona. Dada alikataa kumpokea. Rafiki zangu wote wana watoto. Daktari ndiye aliyempigia Mwalimu, mimi nilishindwa kwa aibu. Alikuja na lile gari jeupe, hakunilaumu, akambeba. Diwani aliniangalia kupitia kioo cha nyuma mpaka walipokata kona.

Gauni lako nimelipeleka kwake leo. Nililishika kidogo kwanza. Unisamehe.

Mumeo


Kwa Mwalimu wa mbwa, 12 Juni

Dada,

Salamu. Barua yako nimeipokea. Mwanzo wake ulikuwa mkali, mwisho wake ukaniomba, nami nitajibu vyote viwili.

Kuhusu mumeo. Tulikaa garini mara nyingi, ni kweli, kwa sababu mbwa mwenye shida hii lazima umwone anapodhani yuko peke yake. Muda wote huo alikuwa na mazungumzo ya aina moja. Unavyoimba ukipiga pasi, unavyogombana na redio, ulivyomlisha mbwa kwa bomba la sindano. Siku dada yake alipotukuta, alikuwa ananisimulia ulivyomfukuza wakala wa bima kwa mwiko. Ndicho tulichokuwa tunachekea. Ilifika mahali nikamwomba apumzike kidogo nimsikie mbwa.

Kuhusu ile nguo, kosa ni langu. Nilipaswa kukuandikia mwenyewe nikueleze kuwa mbwa hutulia kwa harufu ya mtu anayemwamini. Kazini tunazoea kitu mpaka tunasahau kinavyosikika kwa mtu mwingine. Pole sana.

Kuhusu Diwani. Mguu umepona. Tulianza upya, polepole kuliko mwanzo. Sasa naweza kutoka kwenda sokoni na kurudi, yeye ananitazama, anashusha kichwa, analala. Gauni lako analo kitandani, na hatukulifua.

Umeniambia unapata likizo fupi mwezi ujao, na unataka kuja kumkumbatia. Sitakudanganya. Akikuona atafurahi kupita kiasi, na ukiondoka tena baada ya siku chache atarudi kule dirishani. Sijui kama nitaweza kumtoa mara ya tatu. Mbwa ni wako, siwezi kukufungia geti. Nakuomba tu, usije kumwona ukiwa njiani. Njoo siku utakayokuja kukaa.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Diwani


Hospitali, 25 Julai

Mwalimu,

Nilikuja.

Barua yako niliisoma nikaiita jina baya. Nikamwambia mume wangu kuwa umeninyang'anya mbwa kwa maneno ya kitaalamu. Akaniambia, "Nenda, geti halijafungwa, amekwambia mwenyewe." Alinisindikiza mpaka kona yako akabaki pale, kwa sababu alijua angelia, na watu wanamjua kwa kufuli.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vifaa vya umeme, upande ambao upepo ulikuwa unanijia mimi, asininuse. Nilikuwa nimeshika mluzi mdomoni. Diwani ana mluzi wake, wa sauti mbili, nikiupiga anapasua ukuta. Nilijiambia nitapiga mara moja tu, anione, ajue mimi nipo, nawe ujue mimi nani.

Ukatoka na kapu la sokoni. Alikuwa amelala barazani, kwenye kitanda chake. Amenenepa. Kuna mstari kwenye mguu ambapo manyoya hayajajaa. Ukapita mbele yake bila kumuaga, ukafungua geti, ukalifunga, ukaenda zako. Nami nikasimama nasubiri alie.

Nilitaka alie, Mwalimu. Sina cha kuficha. Nilitaka akulilie wewe nikuchukie vizuri, au alie tu, kwa ajili yoyote, nijue kuwa kile kilio alichonililia mimi bado kimo ndani. Muuza duka akaniuliza, "Mama, unataka balbu?" Nikamwambia subiri.

Diwani aliinua kichwa. Akatazama geti. Akakaa akilitazama hivi, kisha akapumua kwa nguvu, akageuka upande wa pili, akaweka kidevu juu ya gauni langu, akalala. Ulikuwa umeshapotea kabisa barabarani. Hakuogopa hata kidogo.

Mimi nimemlea yule mbwa, nimempa maziwa kwa sindano, lakini usingizi ule sikuwahi kumpa. Kwangu alikuwa analala jicho moja wazi, akiangalia viatu vyangu. Nilikuwa naona ni mapenzi, nikijisifu kwa watu.

Nilinunua balbu, nikaondoka. Mluzi nilirudi nao.

Bado nina wivu na wewe, usije ukadhani nimekuwa malaika. Usiku wa leo nitalala nikiwaza vishimo vyako na mikono yako inayonuka maini, na nitakasirika tena, nitakunja mashuka. Metroni ameniletea karatasi ya kuongeza mkataba, mshahara umepanda. Nimemrudishia bila saini. Mwakani ukiisha, nakuja kukaa.

Mpaka siku hiyo, mpe maini. Mkune tumbo, upande wa kushoto, mguu utacheza wenyewe. Akikupenda mwache akupende, usimzuie kwa ajili yangu. Ila ukiwa unamwita, Mwalimu, nakuomba kama mwanamke kwa mwanamke, usimwambie njoo kwa mama.

Mwenye mbwa